Ziwa Hili Mdhamini Wake Nani? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ziwa Victoria

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi, Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, na madiwani wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela.

Waheshimiwa,

YAH: WAJIBU WETU KWA ZIWA LENYEWE

Bajeti ya uvuvi inaposomwa bungeni, Ziwa Victoria hutajwa kwa tani na kwa shilingi. Wageni wanapopokelewa mkoani, hutajwa kwa fursa: bandari, minofu, vizimba vya kufugia samaki, utalii. Sina ugomvi na hesabu hizo. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Ilemela, na najua sare na madaftari ya wanafunzi wangu wengi yamenunuliwa kwa pesa ya dagaa na sangara. Ninachowaandikia ni jambo ambalo halimo kabisa katika hesabu hizo. Je, ziwa hili, pamoja na viumbe walioishi humo kabla mtu yeyote hajashusha mtumbwi majini, linatudai kitu? Au ni ghala tu, la kuchukuliwa mpaka liishe?

Mimi nasema linatudai. Na ninyi mliokabidhiwa dhamana, tena si awamu hii peke yake, mmekuwa mkiliendesha kama kitu kisichodai.

Nianze na furu, samaki mdogo wa ziwa hili. Vijana wa leo wanamjua kama chambo cha ndoana za sangara. Wazee wa Igombe, Kayenze na Ukerewe wanamkumbuka alipokuwa kitoweo cha kila nyumba. Ziwa hili lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na maji yaliporudi ukaanza uzao ambao wanasayansi wa dunia nzima bado wanausoma kwa mshangao: aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote zisizopatikana mahali pengine popote. Walikuwapo waliokwangua mwani juu ya mawe, waliovunja konokono kwa taya, waliochuja wadudu kwenye tope, walionyofoa magamba ya wenzao, waliokula mayai na vifaranga vya furu wengine. Kila jiwe na kila kina kilikuwa na wakazi wake. Kabla ya miaka ya 1980, sehemu kubwa ya samaki wote waliomo ziwani, kwa uzito, walikuwa furu.

Kisha tukaingia sisi. Miaka ya 1950, upande wa Uganda, sangara alitolewa maji mengine akatiwa humu. Watawala wa Kiingereza wa wakati ule walitaka samaki mkubwa, wa kuuza na wa kuvuliwa kwa starehe. Furu, kwa macho yao, alikuwa mdogo, mwenye miiba, asiye na faida. Hata wakati huo onyo lilitolewa. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango rasmi wa kumleta sangara, akieleza hatari ya kumweka mla samaki mkubwa kiasi hicho katika ziwa ambalo halijawahi kuwa naye. Hakusikilizwa. Katikati ya miaka ya 1970, hapa hapa Mwanza, kilijengwa kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, nao wakawa wanakokotwa kwa tani kila siku. Ilipofika miaka ya 1980, sangara akatapakaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wakiwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza tangu 1977, na ndani ya miaka michache nyavu zao zilianza kupanda bila furu. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka. Nyingine zilitoweka kabla mtu yeyote hajazipa jina.

Sangara hana kosa hapa. Alifanya kazi ya sangara. Kosa ni la waliokaa wakaamua kwamba mamia ya aina za viumbe ni bei halali ya kulipia samaki mmoja, wala hawakumuuliza mvuvi wa Ukerewe, sembuse kumfikiria furu mwenyewe.

Najua jibu litakalonijia, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza hilo hilo, na huuliza kwa haki. Mwalimu, si tumepata viwanda? Si tumepata ajira na fedha za kigeni? Ni kweli, tumepata. Kuna nyumba za bati, vituo vya afya na madarasa kandokando ya ziwa hili ambavyo visingekuwapo bila sangara, na atakayesema vinginevyo hajawahi kuishi mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Ingawa hata faida yenyewe tuitazame sawasawa: minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanakwenda China kwa bei inayozidi ya nyama, na kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa baada ya minofu kuondolewa. Lakini tuseme hata faida yote ingebaki hapa. Tuseme kila senti ingeingia Igogo na Nansio. Je, kosa lingefutika?

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Kama kosa la kumaliza kiumbe ni kwamba tu sisi tumepoteza kitoweo, basi akija samaki mwingine mnono zaidi, kosa limeisha. Mimi siamini hivyo, na sidhani ninyi mnaamini hivyo mnapokuwa kanisani au msikitini. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, mambo mawili kwa pamoja. Qur'ani, katika sura ya Al-An'am, inasema hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma kama sisi. Na kabla ya vitabu hivyo kufika Usukumani, wazee walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa msimu wa mvua ili ipumzike, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati wake anatozwa faini na jamii. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti iliyokwisha, ulisimama juu ya desturi hiyo hiyo, na maelfu ya hekta za ngitili zikarudi. Wazo la kwamba kuna kitu usichokigusa hata kama una njaa nacho si la kigeni kwetu. Tulikuwa nalo nchi kavu. Hatukulipeleka majini.

Kuna furu mmoja ningependa mumjue kwa jina. Anaitwa Pundamilia nyererei. Watafiti walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na anaishi kwenye miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo baadhi yenu mnaweza kufika kwa boti kabla chai ya asubuhi haijapoa. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya kijivu na buluu kwenye pezi la mgongoni. Jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, jike la nyererei humfuata mwekundu, jike la pundamilia humfuata wa buluu, na kila aina inaendelea na ukoo wake. Maji yakichafuka kwa mwani na tope, rangi hazionekani vizuri; majike hukosea, aina mbili huchanganyika, na mwisho wake hubaki moja, ya rangi iliyofifia, isiyo huyu wala yule. Ole Seehausen na wenzake walilionyesha hili mwaka 1997, na mifano yao wameitoa humu humu ziwani. Kusini mwa ghuba, ambako maji ni mazito zaidi, uchanganyikaji huo unaonekana wazi.

Waheshimiwa, lifikirieni hilo. Hakuna aliyemvua. Hakuna sangara aliyemla. Anafutika kwa sababu ya maji machafu tu, na maji hayo tunayachafua sisi.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza Arusha kwamba tunapokea wanyamapori wetu kama wadhamini, na kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waukute urithi huo. Kwa upande wa nchi kavu, taifa lilijitahidi kutimiza neno. Hifadhi ya Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unakaribia kabisa Ghuba ya Speke, ina askari, ina sheria kali, ina bajeti. Kisiwa cha Saanane, kilichomo ndani ya jiji letu, kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013. Nyumbu ana mlinzi. Furu mwenye jina la mwasisi wa taifa hana hata bango. Sijui tofauti ni nini, isipokuwa kwamba nyumbu anaonekana kutoka kwenye gari la mtalii na furu haonekani.

Sasa niingie kwenye uchafu wenyewe, maana huu si wa zamani wala si wa Waingereza.

Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila kilichotupwa ndani yake. Mlima wa Igogo, Mabatini na Bugarika umejaa nyumba zilizojengwa kati ya mawe, mahali ambapo gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Choo kikijaa, mwenye nyumba ana njia mbili: kukodi vijana wa kuzoa kwa ndoo usiku, au kusubiri mvua kubwa atapishe. Mvua ikishuka juu ya mawe ya Mwanza haina pa kuzama; inashuka moja kwa moja, na kilichotapishwa kinashuka nayo hadi ziwani. Simlaumu mama mwenye vyumba viwili Mabatini. Hana njia ya tatu. Na njia ya tatu ipo, kwa sababu baadhi ya vilima vyetu vimeshalazwa mabomba madogo ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na mawe, nayo yanafanya kazi. Kilichobaki ni kuamua kwamba vilima vingine navyo vinastahili.

Maji hayo hayo tunayanywa. Chanzo cha maji cha Capri Point kiko katika ghuba ile ile. Ya Ihelele, Misungwi, yanasafiri kwenda Shinyanga na Kahama, na siku hizi hadi Tabora. Kinyesi, sabuni, mbolea inayoletwa na mito, vyote hulisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni ya chini ya ziwa mpaka samaki wanakosa pa kukaa. Magugu maji yalipoingia kwa Mto Kagera karibu na mwaka 1990, yalikuta chakula tayari. Mbawakavu, wadudu wanaokula magugu hayo, waliofugwa na kuachiwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990 walisaidia sana kuyapunguza, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini tukiendelea kuyapa mbolea, yatarudi, na yakirudi wa kwanza kufungiwa njia ni mwenye mtumbwi wa kasia.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila nimeona inavyotekelezwa. Mwenye tuta la mchicha anang'olewa. Mama mwenye banda la kukaangia samaki anavunjiwa. Wakati huo huo kuna kuta za zege zilizoingia hadi majini, za nyumba kubwa na sehemu za starehe, zilizojengwa mchana watu wanaona, na hazina hata alama ya X ya kubomolewa. Sheria ikimkuta maskini peke yake, mwananchi anajifunza kwamba kumbe ziwa si tatizo, tatizo ni yeye. Na mtu aliyejifunza hivyo hatalinda chochote.

Ndivyo ilivyo kwa wavuvi pia. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, ni baya, na nitasema hivyo mbele ya mvuvi yeyote. Linazoa mazalia, linazoa mayai, linazoa sangara wasiofika sentimita 50 na sato wa kiganja. Anayetia sumu majini ni mbaya zaidi. Lakini katika misako yote niliyoishuhudia, walioswagwa mbele ni vibarua wanaovuta kamba kwa posho ya siku, na nyavu zilizochomwa ni zao au za tajiri ambaye hakuwapo. Sijaona moto ukiwashwa kwa ajili ya mfereji unaomwaga majitaka, na uharibifu wa mfereji huo haulali wala haupumziki mbalamwezi kama wavuvi wa dagaa wanavyopumzika.

Kuhusu vizimba nitasema kidogo. Ni vizuri vijana wakipewa mikopo ya kufuga sato, na shinikizo kwa samaki wa porini likapungua. Ila kizimba ni zizi ndani ya maji ya wote. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki vinazama hapo hapo. Mwishoni mwa 2022, upande wa Kenya, samaki wa vizimba walikufa kwa wingi maji yalipopungukiwa oksijeni. Ghuba zetu zilizojifunga zinabeba vizimba vingapi? Hesabu hiyo ifanywe kwanza, itangazwe, ndipo vibali vitoke. Siyo vibali kwanza.

Nirudi kwenye swali la mdhamini. Tanzania ina zaidi kidogo ya nusu ya ziwa hili, Uganda karibu asilimia 43, Kenya iliyobaki. Mwaka 2019 Uganda ilitunga sheria mpya ya mazingira, na kifungu chake cha 4 kinatamka kwamba mazingira ya asili yana haki ya kuwapo, kudumu na kujirudishia uhai wake, na kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Miaka miwili kabla yake, New Zealand iliutambua mto Whanganui kama mtu mbele ya sheria, wenye wawakilishi wa kusema kwa niaba yake. Hapa kwetu, sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na Katiba, ibara ya 27, inatutaka kila mmoja kulinda mali asilia ya nchi. Vyote viwili ni vyema. Lakini vyote viwili vinaliangalia ziwa kama haki yangu au mali yetu. Samaki akivuka mpaka usioonekana kati ya Kagera na Kalangala, upande mmoja makazi yake yana haki, upande wa pili ni rasilimali. Maji ni yale yale.

Sitegemei Bunge libadilishe sheria kwa barua ya mwalimu. Lakini mnaweza kuanza na yaliyo mikononi mwenu leo. Tengeni miamba na vihori vinavyojulikana kuwa makazi na mazalia ya furu katika Ghuba ya Mwanza, vifungwe kama ngitili, kwa kukubaliana na wavuvi wa mialo husika na siyo kwa kuwashtukiza. Tuna watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, hapa hapa Mwanza. Wanajua mahali pa kuanzia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba taifa letu haliwezi kufunga maji. Fedha za majitaka zipande vilimani kabla hazijatumika kupamba ufukwe. Mita 60 zianzie kwenye kuta za zege, mabanda yafuate. Na katika kila kikao kinachotoa kibali cha ujenzi, cha kizimba au cha kiwanda kando ya maji, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake kisheria ni kusema ziwa litapoteza nini, maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari, na anayempinga aandike sababu zake.

Jambo la mwisho ni dogo kuliko yote, wala halihitaji bajeti mpya. Maji ya ziwa hupimwa. Matokeo ya vipimo hivyo hukaa ofisini. Naomba yabandikwe kila mwezi kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za mwalo wa Kirumba, Igombe, Kayenze na Nansio: kinyesi kiasi gani, oksijeni kiasi gani, mwaka jana mwezi kama huu ilikuwaje. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kuyasoma na kuwafafanulia wazazi wao. Kama kuna sababu ya kutoyabandika, naomba sababu hiyo nayo ibandikwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa biolojia,
Ilemela, Mwanza.